Kabla hujapiga Windows upya: angalia kichwa na mkia wa faili

Juzi jioni mwanafunzi mmoja wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) aliniletea laptopu yake mezani, hapa karibu na soko la Majengo. "Shikamoo kaka." Marahaba, karibu. "Naomba unipigie Windows upya." Kwani imefanyaje? Akaanza kueleza: anataka deskitopu yake iwe na saa kubwa, hali ya hewa ya Dodoma, na juu kabisa pasomeke "Mbukwenyi", ili bibi yake akija aione salamu ya Kigogo kwenye kompyuta. Amepata Rainmeter, amepakua skini mara tatu, na mara zote tatu anaambiwa faili ni bovu. Bando la wiki limeishia hapo.

Windows yake ilikuwa nzima kabisa. Tatizo tulilijua ndani ya dakika chache, tena kwa Notepad tu. Nimeona niandike tulivyofanya, pamoja na mengine ya jamii hiyo ninayokutana nayo, maana watu wanafuta kompyuta nzima kwa ajili ya faili la megabaiti kumi na kitu.

Tuelewane majina kwanza. Rainmeter ni programu huria ya bure ya Windows inayoweka vitu juu ya deskitopu: saa, kiasi cha betri, matumizi ya RAM, hali ya hewa. Kila kimoja kinaitwa skini. Skini yenyewe ni faili la maandishi linaloishia na .ini, likiwa na picha na fonti zake pembeni, na hukaa ndani ya Documents\Rainmeter\Skins. Mtu akitaka kugawa skini zake huzifunga kwenye kifurushi kinachoishia na .rmskin. Halafu kuna faili moja la Rainmeter yenyewe, Rainmeter.ini, linalokumbuka skini zipi zimewashwa na kila moja imekaa wapi kwenye skrini. Kwa hiyo mtu akisema "faili limeharibika", swali langu la kwanza ni: faili lipi kati ya hayo?

Hatua ya 1: Soma ujumbe hadi mwisho

Watu wengi huona alama nyekundu wakabonyeza OK. Usibonyeze. Piga picha kwa simu, usome.

Kama unasakinisha Rainmeter yenyewe na umeletewa maneno "Installer integrity check has failed", kisakinishi kimejikagua chenyewe na kujikuta hakijakamilika. Futa, pakua kingine kutoka rainmeter.net, basi. Kama umebofya mara mbili faili la .rmskin ukaambiwa kifurushi si halali, huku ujumbe ukitaja "Skin Packager", nenda hatua ya 2. Kama skini imeingia vizuri ila inaonyesha vitu vya ajabu au haionyeshi kitu, ruka hadi hatua ya 5. Na kama jana ilikuwa nzuri, umeme ukakatika, leo deskitopu ni nyeupe, shida yako iko hatua ya 6.

Hatua ya 2: Kichwa na mkia

Hapa ndipo nitakaa kidogo, maana kesi nyingi huishia hapa.

Kifurushi cha .rmskin kwa ndani ni zip ya kawaida, yaani mafaili mengi yaliyobanwa yakawa moja. Zip ina tabia moja ambayo wengi hawaijui: orodha ya vilivyomo imeandikwa mwishoni, si mwanzoni. Ni kama kitabu chenye yaliyomo kwenye ukurasa wa mwisho. Rainmeter nayo inaongeza muhuri wake baada ya hapo, baiti 16 za mwisho kabisa, na ndani yake kuna neno RMSKIN. Kisakinishi kinakimbilia mkiani kutafuta muhuri huo kabla ya kugusa chochote. Ndiyo maana faili lililopakuliwa kwa asilimia 98 halifai hata kidogo: asilimia mbili zilizobaki ndizo zenye orodha na muhuri.

Sasa fanya hivi. Bofya kulia faili, chagua "Open with", kisha Notepad. Kama faili ni kubwa sana Notepad itasuasua, subiri. Utaona takataka za herufi, usishtuke. Ila usiandike chochote na usihifadhi chochote. Ukihifadhi, hapo ndipo utakuwa umeliharibu kweli.

Tazama herufi mbili za kwanza. Zinatakiwa kuwa PK. Ni herufi za jina la Phil Katz, Mmarekani aliyebuni zip, na ziko mwanzoni mwa takriban kila zip utakayofungua. Halafu bonyeza Ctrl na End kwa pamoja uende mwisho. Tafuta neno RMSKIN kwenye mstari wa mwisho.

Ukikuta mwanzo unasema <!DOCTYPE html, hujapakua skini. Umehifadhi ukurasa wa tovuti na kuupa jina la skini. Hutokea sana kwenye kurasa zenye vitufe vitano vya kupakua, kimoja cha kweli na vinne vya matangazo. Faili la namna hiyo hupimwa kwa kilobaiti. Rudi, tafuta kiungo chenyewe. Na kama ulichopewa ni .exe badala ya .rmskin, kifute bila kukifungua.

Ukikuta PK mwanzoni lakini mwisho hauna RMSKIN, kuna mambo mawili: ama faili limekatika njiani, ama mtu alitengeneza zip ya kawaida akaibadilisha jina. Ili kuyatofautisha, lifungue kwa 7-Zip, ambayo ni ya bure pia. Likifunguka na folda zikaonekana, ni zip iliyobadilishwa jina, na unaweza kuiokoa kwa mkono (hatua ya 4). Likigoma, au likisema mwisho wa data umefika bila kutarajiwa, limekatika.

Ukikuta vyote viwili, PK na RMSKIN, na bado linagoma, basi ubovu uko katikati. Ndani ya 7-Zip bonyeza "Test". Kila faili ndani ya zip lina namba yake ya ukaguzi, na 7-Zip itakutajia lile ambalo namba yake hailingani. Wakati mwingine ni picha moja tu ya mandhari, na zilizobaki unaweza kuzitoa zikiwa salama.

Kwa yule mwanafunzi hatukufika hata kwenye 7-Zip. Nilifungua folda ya Downloads, nikapanga mafaili kwa ukubwa. Yalikuwepo matatu, jina lilelile, na kila moja na uzito wake: moja megabaiti 7, jingine 11, jingine 14. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, faili moja linawezaje kuwa na uzito wa aina tatu?" Akacheka. Kumbe mawili yalikuwa yanaishia na .crdownload, yeye akayabadilisha jina yaishie na .rmskin. "Si nimebadilisha jina tu, kaka?" Chrome hulipa faili mwisho huo wa .crdownload kwa sababu halijamaliza kushuka, Firefox huandika .part. Ukibadilisha jina hujaongeza hata baiti moja.

Hatua ya 3: Pakua upya, lakini kwa adabu

Futa yale mabovu kwanza, la sivyo kivinjari kitaongeza namba kwenye jina na utachanganyikiwa lipi ni lipi. Kama unatumia intaneti ya simu, iunganishe kwa waya wa USB badala ya hotspoti. Hotspoti ya simu iliyolala kitandani hukatika skrini ikizima, na hosteli yenye watu wengi mtandao unapanda na kushuka. Pakua usiku sana au alfajiri ukiweza. Likikatika, jaribu kitufe cha kuendelea kabla ya kuanza moja. Si kila seva inakubali, lakini ikikubali umeokoa bando.

Likishamaliza, bofya kulia, "Properties", usome ukubwa kwa baiti, si kwa megabaiti. Linganisha na ukubwa uliotajwa pale ulipolitoa. Kama mwenye skini ameweka namba ya SHA-256 (kama alama ya kidole ya faili, hutokana na yaliyomo), fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandika amri, kwenye folda hiyo uandike:

certutil -hashfile skini.rmskin SHA256

Badilisha jina liwe la faili lako. Namba itakayotoka ni ndefu. Mimi hulinganisha herufi sita za mwanzo na sita za mwisho, kwa sababu hapa tunatafuta faili lililokatika, na likikatika namba yote hubadilika.

Kuhusu flashi. Watu hapa mjini hupeana skini kwa flashi kuliko kwa intaneti, na flashi ina balaa zake. Ya kwanza ni kuchomoa kabla haijamaliza kuandika. Dirisha la kunakili likifungwa haimaanishi kila kitu kimeshafika. Bonyeza "Eject", subiri, ndipo uchomoe. Ya pili ni flashi za uongo. Nje imeandikwa GB 64, kompyuta nayo inaonyesha 64, lakini ndani kuna 8 tu. Ukijaza zaidi ya hapo inaandika juu ya vya zamani au kutupa vipya, bila kusema neno. Majina ya mafaili unayaona, ukubwa unauona, ndani hamna kitu. Kuna programu ndogo ya bure inaitwa H2testw: inaijaza flashi yote kisha inasoma ilichoandika na kukwambia ukweli. Inachukua muda, iache ifanye kazi ukala. Ya tatu ni kile kirusi cha shotikati: mafaili yote yanageuka shotikati na mwenye flashi analia vimeharibika. Havijaharibika, vimefichwa. Kisafishe kwanza kwa antivirusi, kisha, kama flashi ni E:, andika kwenye Command Prompt:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

na vitajitokeza.

Hatua ya 4: Kusakinisha kwa mkono

Zip iliyobadilishwa jina, au kifurushi ulichookoa sehemu yake, kitoe chote kwa 7-Zip. Ukikuta ndani folda inaitwa Skins, ifungue. Kilichomo humo ndicho unachotaka. Nakili folda ya skini uiweke ndani ya Documents\Rainmeter\Skins. Kisha bofya kulia alama ya tone la maji kando ya saa, chagua "Refresh all", na skini itaonekana kwenye orodha.

Ujue tu kwamba kwa njia hii mafaili ya .dll yaliyomo kwenye folda ya Plugins hayajisakinishi. Kama skini inayahitaji, itakaa kimya. Na hapa naomba uwe mkali: .dll kutoka kwenye kifurushi usichojua kimetoka wapi ni programu kamili, inaweza kufanya lolote. Picha na .ini sina wasiwasi nazo sana. .dll ya mtu nisiyemjua siingizi.

Kama ulikuwa na toleo la zamani la skini hiyohiyo na jipya limekuja bovu, usihangaike. Kisakinishi cha Rainmeter huhamisha la zamani kwenye folda ya @Backup, humohumo ndani ya Skins. Lirudishe.

Hatua ya 5: Imeingia, lakini inaonyesha mazingaombwe

Kijana wetu alipopata skini nzima, tulifika hapa. Akafungua .ini, akabadilisha neno la salamu likawa Mbukwenyi, akahifadhi. Salamu ikakaa vizuri. Lakini chini yake joto la Dodoma likasomeka 27Â°C.

Hiyo Â si kirusi. Ile alama ya nyuzi, UTF-8 (mtindo mmojawapo wa kuhifadhi herufi) huiandika kwa baiti mbili, na Rainmeter ikisoma faili kwa mtindo wa zamani inaziona kama herufi mbili. Tangu Windows 10 ya 2019, Notepad huhifadhi mafaili mapya kwa UTF-8 yenyewe bila kukuuliza, kwa hiyo skini iliyoandikwa humo inaweza kuwa ya UTF-8 bila mwenye nayo kujua. Kiswahili chetu na Kigogo vinatumia herufi za kawaida, ndiyo maana salamu haikuguswa. Dawa: fungua .ini kwa Notepad, sahihisha palipoharibika, nenda "Save As", kwenye "Encoding" chagua UTF-16 LE, hifadhi juu ya lilelile, kisha bofya kulia skini uchague "Refresh".

Kama skini ni tupu kabisa, usikisie. Bofya kulia tone la maji, fungua "About", nenda kwenye "Log". Safisha orodha, ifanyie skini "Refresh", usome kilichotokea. Itataja jina la skini na faili inalolikosa. Mara nyingi ni picha ambayo jina lake halilingani na lililoandikwa kwenye .ini, au .dll ambayo antivirusi imeiweka karantini. Kwa hilo la mwisho angalia "Protection history" ndani ya Windows Security.

Skini za hali ya hewa nazo zina kesi yao. Nyingi za zamani zilikuwa zikichukua taarifa kutoka Yahoo, na huduma hiyo ya wazi ilifungwa mwanzoni mwa 2019. Faili ni zima, ila chanzo chake kimekauka. Usipakue tena mara kumi. Tafuta skini mpya.

Halafu kuna OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Ikiwa imeichukua folda yako ya Documents, skini zinaweza kuwa mawinguni na kwenye diski umebaki na jina tu, likiwa na alama ya wingu. Bando likiisha, skini haionekani. Bofya kulia folda ya Rainmeter uchague "Always keep on this device". Mimi huwa nahamisha kabisa: nazima Rainmeter, naipeleka folda ya Skins kwenye D:\Skini, na ndani ya Rainmeter.ini nabadilisha mstari wa SkinPath usomeke D:\Skini\.

Hatua ya 6: Umeme ulikatika

Hii huwapata zaidi wenye kompyuta za mezani, na wenye laptopu za mtumba ambazo betri imekufa na waya ndio roho yake. Rainmeter huandika kwenye Rainmeter.ini kila unapoburuta skini sehemu mpya. Umeme ukikatika wakati huohuo, diski inaweza kuwa imeshaandika kwamba faili lina ukubwa fulani, huku yaliyomo hayajafika. Matokeo yake ni faili lenye ukubwa sahihi lililojaa sifuri. Ukilifungua kwa Notepad unaona nafasi tupu, mistari na mistari ya weupe.

Zima Rainmeter kwa "Exit" kwenye tone la maji. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika %APPDATA%\Rainmeter, Enter. Utaliona Rainmeter.ini. Usilifute, libadilishe jina liwe Rainmeter-bovu.ini. Washa Rainmeter. Itajitengenezea jipya na kukuletea skini za mwanzo zinazoitwa illustro, kama vile umeisakinisha leo. Skini zako zote bado zipo kwenye folda yake, unaziwasha moja moja kupitia "Manage". Kilichopotea ni mpangilio tu.

Faili bovu likiwa na sehemu ambazo bado zinasomeka, zitazame kabla hujaanza kupanga. Jina la kila skini liko kwenye mabano ya mraba, chini yake WindowX na WindowY. Unaweza kunakili namba hizo ukarudisha kila kitu palepale, Rainmeter ikiwa imezimwa.

Hatua ya 7: Ikiwa kila faili ni bovu

Hadi hapa sijataja sfc /scannow, na ni makusudi. Kila mtu mtandaoni anaishauri kama panadol. Amri hiyo hukagua mafaili ya Windows yenyewe. Skini yako haijui wala haiwezi kuitengeneza. Dada yake DISM, ile ya RestoreHealth, huenda kuchota mafaili kwenye mtandao, kwa hiyo itakula bando lako na skini itabaki vilevile.

Lakini kama picha, muziki na hati navyo vinaharibika, hapo acha habari za skini. Nakili kwanza vitu vyako vya maana mahali pengine. Kisha fungua Command Prompt kama msimamizi, andika chkdsk C: /f, kubali kwa Y, uwashe upya ukiwa na umeme wa uhakika. Afya ya diski itazame kwa CrystalDiskInfo. Ikisema "Caution" au "Bad", tafuta diski nyingine. Na kama zip moja ukiifanyia "Test" mara mbili inakupa makosa tofauti kila mara, mshuku RAM: andika mdsched kwenye dirisha la Windows na R, ruhusu ijikague.

Hatua ya 8: Deskitopu ikishapendeza

Fungua "Manage", nenda "Layouts", andika jina, hifadhi. Mpangilio wako utakaa ndani ya %APPDATA%\Rainmeter\Layouts, na siku Rainmeter.ini likifa tena utaupakia kwa kubofya mara moja. Kisha nakili folda mbili, hiyo ya Layouts na ile ya Skins, uziweke kwenye flashi uliyoipima kwa H2testw. Yule mwanafunzi hakuwa na flashi, tukazituma kwenye barua pepe yake akiwa amesimama, maana daladala ya chuo ilikuwa inajaa.